Ripita yangu ya redio koli Muheza: asubuhi safi, jioni inakatakata. Wajuzi wa Tanga mpo?

#1 Mkonge_Mkavu

Wakuu, habari za jioni.

Nina shamba la machungwa na iliki kidogo kule juu ya Muheza, upande wa Magoroto. Familia iko mjini, Raskazone. Simu kule ni ya kubahatisha, ukiwa juu mtandao upo, ukishuka mtoni umepotea. Nikaomba masafa TCRA (mamlaka ya mawasiliano), nikapata jozi ya UHF, nikasimamisha ripita yangu mwenyewe, mtambo unaopokea redio dhaifu na kuirusha tena mbali.

Vifaa ni hivi: redio mbili za gari, moja inapokea na nyingine inarusha, katikati kuna kidude cha kuziunganisha. Dupleksa ndogo ya makopo sita, ile inayowezesha kupokea na kurusha kwa antena moja. Antena ya faiba juu ya mlingoti wa mita 12. Kebo RG-58, mita 20 mpaka kwenye banda. Betri ya sola ya 100Ah. Narusha wati 20. Tofauti ya kuingia na kutoka ni megahezi 5, toni (ule mlio mdogo unaoifungua ripita) ni hezi 100.0 kwenda na kurudi. Redio za mkononi ziko tano, za wati 5, zote UV-5R, fundi mmoja ndiye aliyezipangia chaneli.

Shida zangu:

Asubuhi naongea Raskazone hadi shambani kama niko nao chumba kimoja. Kuanzia saa kumi na mbili jioni sauti inakatakata, ripita inafunguka, inafunga, inafunguka, katikati ya neno. Saa tatu usiku inatulia.

Jioni hiyohiyo wakati mwingine inajifungua yenyewe, hakuna aliyeminya kitufe, unasikia mlio kama nzi kwenye chupa.

Na redio moja kati ya zile tano haijawahi kufungua ripita hata siku moja. Fundi anasema ni nzima na mipangilio ni ileile.

Naomba mawazo. Picha nitaweka bando likikaa sawa.

#2 ChaiYaRangi

Nakaa mkao wa kula, ngoja wajuzi waje.

#3 Kisosora_Original

Mkuu ongeza nguvu tu. Weka wati 50 hapo, Raskazone watakusikia mpaka jikoni. Wati 20 mlimani ni za kupigia kuku.

#4 Fundi_Ngamiani

#3 hapana. Kutoka wati 20 kwenda 50 unapata desibeli 4 basi, na mshale wa redio hautikisiki hata alama moja. Halafu soma vizuri: ripita *inafunguka na kufunga*. Yaani yeye mjini anaisikia. Tatizo ni yenyewe kumsikia yeye. Ukiongeza wati za ripita unaongeza mdomo, wakati ugonjwa uko masikioni.

Mleta uzi, kinachonitisha ni hiyo kebo. RG-58 kwenye UHF inakula karibu desibeli 7 kwa mita 20. Kwa hesabu ya mtaani, wati zako 20 zikifika kwenye antena zimebaki 4. Na wewe wa mjini ukirusha wati 5, kinachofika kwenye redio ni kama umerusha wati 1. Asubuhi unapita kwa sababu mlima unakusaidia, ila unatembea ukingoni. Kikitokea kitu kidogo tu jioni, umeanguka. Weka RG-213, hasara inapungua hadi nusu ya hiyo. Ukipata LMR-400, desibeli 2 hivi.

#5 Mzee wa Masafa

Nianze na hiyo redio ya tano maana ndiyo nyepesi. Swali moja tu: wenzake wakiongea, taa yake ya kijani inawaka?

#6 Mkonge_Mkavu

Shikamoo mzee. Inawaka ndiyo, lakini spika kimya kabisa.

#7 Mzee wa Masafa

Marahaba mwanangu. Basi redio ni nzima, toni ndiyo si yenyewe. Taa ya kijani maana yake mawimbi yamefika. Spika kukaa kimya maana yake imefungwa kwa toni nyingine.

Muulize fundi wako kama alitumia CHIRP, ile programu ya kupangia redio. Mle kuna safu mbili za toni, Tone na ToneSql, na kuna mahali pa kuchagua aina. Ukichagua aina ya "Tone", programu inatumia safu ya kwanza, na ni wakati wa kurusha tu. Ukichagua "TSQL", inatumia safu ya *pili* kurusha na kupokea, ile ya kwanza haiangalii kabisa. Watu wanaandika 100.0 safu ya kwanza, wanachagua TSQL, safu ya pili inabaki 88.5 iliyokuja nayo. Ukitazama haraka unaona 100.0, unaapa kwamba iko sawa.

Bila kompyuta: ingia menyu 11 (R-CTS) na 13 (T-CTS) ukiwa kwenye chaneli hiyo, utaona namba halisi.

#8 MtotoWaRaskazone

Nami nilikuwa najua toni ni ya kuficha mazungumzo. Kwa hiyo ukiwa na 100.0 mtu mwingine hakusikii, sivyo?

#9 Fundi_Ngamiani

Sivyo. Toni ni ya kuziba masikio yako usisikie wengine, haizibi masikio ya wengine. Mwenye redio isiyo na toni kwenye masafa hayo anakusikia vizuri sana, mpaka unavyogombana na shemeji. Usitaje habari za fedha huko.

#10 Nahodha_Jahazi

Mimi si fundi, mimi ni mtu wa bahari, lakini hilo la jioni nalijua. Huo ni upepo wa kaskazi.

Kuanzia Desemba mpaka Machi, jua likizama, redio ya chombo inashika mambo ya ajabu. Chaneli 16, ile ya 156.8, mchana nasikia vyombo vya hapa Tanga na kidogo upande wa Pemba. Jioni ya kaskazi nasikia Mombasa wanaitana na rubani wa bandari kama wako hapa kisiwani Toten. Hiyo ni kama kilomita 130. Hewa kavu yenye joto inalala juu ya hewa ya bahari yenye unyevu, mawimbi yananaswa katikati, yanakwenda mbali kuliko kawaida.

Kwa hiyo inayojifungua yenyewe, kuna mtu Kenya huko ana masafa hayohayo na toni hiyohiyo.

#11 Chungwa_Muheza

Nahodha, bahari iko Tanga, ripita iko mlimani Muheza. Kaskazi inapanda milima na redio?

#12 Nahodha_Jahazi

Yakhe, kutoka kule juu bahari yote unaiona au huioni? Ukiiona, na yenyewe inakuona.

#13 Mzee wa Masafa

Nahodha yuko sahihi zaidi ya anavyodhani, na kuna upande wa pili. Chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita mpaka upeo wa redio. Mlima wa mita 600 tu unakupa kilomita 100. Kwa hiyo ripita hiyo inaona pwani yote mpaka mpakani na kupita.

Upande wa pili ni huu: tabaka hilo la hewa likilala chini ya kimo cha mlima, mawimbi ya Raskazone yanakimbilia baharini chini ya tabaka, na ripita iliyo juu yake inapungukiwa. Mjini wanasikia Mombasa, mlimani hawasikii mjini. Hilo linaeleza kukatakata na kujifungua, vyote kwa pigo moja.

Lakini sijasema ndilo. Nasema linaeleza.

#14 Kisosora_Original

Milima ile ina wenyewe jamani. Mtu unapandisha mlingoti kule hujaaga wazee, jioni ndiyo saa yao. Huo mlio wa nzi kwenye chupa mnaujua ni nini nyie.

#15 ChaiYaRangi

#14 nilijua tu lazima mtu wa Tanga afike huko kabla ya ukurasa wa pili 😂 Kumbe na majini siku hizi wana toni?

#16 Dada_Pangani

Mie niko Ushongo, tunapeleka wageni Maziwe, tuna redio za boti na kituo kidogo ufukweni. Jambo la kwanza ninaloangalia siku zote ni maji na chumvi kwenye kiunganishi. Kile kiunganishi cha kawaida cha PL-259 hakizuii maji, watu wanakifunga kwa selotepu ya umeme wanaondoka zao. Mwaka mmoja umeshapita, ukikata kebo shaba ni nyeusi kama mkaa.

Tumieni tepu ya mpira ile inayojigandisha yenyewe, juu yake ndiyo tepu ya umeme. Na silikoni yenye harufu ya siki isikaribie kiunganishi, asidi yake inakula shaba.

Kaka Mkonge, jioni milimani ukungu unashuka. Maji yanaingia, ishara inakufa. Saa tatu yanatulia.

#17 Chungwa_Muheza

Dada yangu, mimi naishi hukohuko. Ukungu mzito kwetu ni alfajiri mpaka saa tatu asubuhi, huo wa jioni ni mwepesi. Mbona yeye asubuhi ndiyo safi?

#18 Dada_Pangani

Hapo sina jibu. Ila fungua kiunganishi uangalie, huli hasara.

#19 Mtaalamu_Chongoleani

Nimesoma yote. Mnaruka kitu cha msingi: betri.

Redio za gari zimetengenezwa kwa volti 13.8. Mchana paneli inasukuma, betri iko 13 na kitu. Jua likizama iko 12.6, sawa, lakini redio ikirusha wati 20 inavuta ampea 5 hivi. Ukiwa na waya mwembamba na betri iliyochoka, volti inashuka ghafla. Kidude cha kuunganisha kinazima, kurusha kunakatika, volti inapanda, kinawaka, kinarusha tena. Hapo ndipo inapofunguka na kufunga katikati ya neno.

Pima volti *wakati inarusha*. Ukipima ikiwa imepumzika unajidanganya.

#20 Fundi_Ngamiani

Hoja nzuri #19, lakini kuna kitu kingine chenye dalili zilezile. Redio inayorusha inaziba masikio ya inayopokea. Mtu wa mbali anaingia kwa ishara dhaifu, ripita inawaka kurusha, mrushaji anamfunika, toni inapotea, ripita inazima, masikio yanafunguka, inamsikia tena. Papatupapatu.

Dupleksa ndogo za makopo sita zinafaa kwa tofauti ya megahezi 5, ila lazima ziwe zimesetiwa kwa masafa yako na mtu mwenye kipimo. Na vile vipande vifupi vya kebo kati ya redio na dupleksa, ukitumia RG-58 ya wavu mmoja vinavujishiana. Weka za wavu mara mbili, RG-223 au RG-142.

Kutofautisha nadharia yangu na ya #19 ni rahisi. Betri ikiwa ndiyo tatizo, wote wanakatika, wa mbali na wa karibu. Masikio yakiwa ndiyo tatizo, anakatika wa mbali tu.

#21 Mkonge_Mkavu

Shukrani sana wakuu. Mzee wa Masafa, redio ya tano menyu 11 na 13 zote zilikuwa 88.5. Nimeweka 100.0, nimehifadhi upya chaneli, imeongea mara moja. Fundi nimemtumia picha, amejibu "ok".

#20, vijana wa shambani hawakatiki. Ni sisi wa mjini tu.

#22 Fundi_Ngamiani

Basi kesi imekwisha. Dupleksa.

#23 Mtaalamu_Chongoleani

Polepole. Vijana wa shambani wanafunga kazi saa ngapi?

#24 Mkonge_Mkavu

Saa kumi jioni.

#25 Mtaalamu_Chongoleani

😂😂 Sasa umejuaje kama jioni hawakatiki, wakati jioni hawapo hewani? Unalinganisha watu wa mchana na watu wa usiku. Kesi irudi mahakamani.

#26 Fundi_Ngamiani

Sawa, nakubali ushahidi una tobo. Ajaribu basi. Usiku mtu mmoja akae shambani karibu na banda, aongee kupitia ripita. Halafu jaribio langu: kurusha kwa ripita kushushwe kutoka wati 20 hadi 5. Mjini wakianza kupita bila kukatika, ni masikio. Au mrushaji aondolewe kwenye antena afungiwe mzigo wa bandia (kifaa kinachomeza nguvu badala ya antena), mpokeaji abaki na antena. Mtu mwingine asikilize kwa redio akiwa bandani.

#27 Shemeji_wa_Maramba

Nje ya mada kidogo. Machungwa yanauzwaje huko kwa kiroba msimu huu? Huku Maramba madalali wanatunyonga.

#28 Chungwa_Muheza

Njoo inbox. Hapa wakubwa wanatibu ripita.

#29 Mjomba_wa_Houston

Wadau salaam. Mimi niko Marekani, huku ripita za nyumbani ni kitu cha kawaida kwenye huduma yao ya GMRS. Leseni dola 35 kwa miaka 10, inatumika na familia nzima. Ripita inatoka kwenye 462 inaingia kwenye 467, tofauti megahezi 5 kama ya Mkonge, nguvu mwisho wati 50. Video za YouTube za kupanga hizo chaneli ziko nyingi, nikuwekee viungo?

#30 Mzee wa Masafa

Mjomba, asante, ila tahadhari kwa wanaosoma: masafa hayo ni ya utaratibu wa Marekani. Sisi hapa masafa anatoa TCRA, na ukipewa jozi unakaa ndani ya jozi hiyo. Kijana asichukue video ya Texas akajaza redio yake chaneli 22 halafu aanze kurusha Ngamiani. Vivyo hivyo zile za Ulaya za 446, zile ni za nusu wati na ripita hairuhusiwi. Na wa redio ya ridhaa, alama yetu 5H, wao mita mbili ni 144 hadi 146 na ripita zao tofauti ni kilohezi 600, ni jambo jingine kabisa, lina leseni yake.

Namna ya kupanga ni ileile duniani kote. Namba ndizo zenye nchi.

#31 MtotoWaRaskazone

Mzee, basi tufundishe kupanga kwa mkono bila kompyuta. Kebo niliyonunua kompyuta inaiona halafu inasema Code 10.

#32 Mzee wa Masafa

Code 10 kwenye Windows mara nyingi ni kebo yenye chipu bandia ya PL2303, draiva mpya inaikataa kwa makusudi. Rudisha draiva ya zamani, watu wengi wanatumia 3.2.0.0, au nunua kebo yenye chipu ya FTDI. Na ile plagi ya pini mbili isukume mpaka ilie, ganda la redio huwa linaizuia milimita moja, unahangaika usiku kucha. Ukifaulu, *soma kwanza* kutoka kwenye redio, hifadhi faili, ndipo uandike. Usiandike faili la redio ya jirani kwenye yako.

Kwa mkono: kaa kwenye hali ya masafa, upande wa juu, A. Zima TDR (kusikiliza sehemu mbili), menyu 7. Andika masafa ya *kusikia*. Menyu 25 chagua + au −, menyu 26 weka tofauti, menyu 13 toni ya kurusha, menyu 11 acha wazi kwanza mpaka uwe na uhakika unasikia. Menyu 27 hifadhi kwenye namba unayotaka. Hapo umehifadhi kusikia tu. Bonyeza kitufe cha nyota-skani uone masafa ya kurusha, kisha menyu 27 tena namba ileile. Mara ya pili ndiyo inahifadhi kurusha. Wengi wanaishia ya kwanza.

#33 Dada_Pangani

Hiyo TDR imetutesa sisi. Redio inasikiliza sehemu mbili, mtu wa chini akiita, wewe ukiminya inarusha *chini* badala ya juu. Nahodha wangu alikuwa anaitika kwenye chaneli nyingine kabisa, ufukweni wanadhani kazama.

#34 Nahodha_Jahazi

Ndiyo maana mie napenda redio ya chombo yenye kitufe kimoja chekundu.

#35 Mchunguzi_Bombo

Nimechelewa, niulize kitu kimoja ambacho hakuna aliyeuliza. Mkonge, bandani jioni kuna nini kinawashwa?

#36 Mkonge_Mkavu

Mlinzi anawasha jenereta ndogo saa kumi na mbili na robo, taa na kuchajia betri, mpaka saa tatu. Siyo kila siku.

#37 Mtaalamu_Chongoleani

Sasa hiyo si ndiyo ungeanza nayo bwana we!

#38 ChaiYaRangi

Kurasa mbili tumezunguka Mombasa na kuzimu, kumbe jenereta 😂😂

#39 Mchunguzi_Bombo

Tulieni. Sisi umeme wetu ni hezi 50, na jenereta hivyohivyo. Chaja ya bei nafuu ikigeuza umeme huo inaacha mtikisiko wa hezi 100. Toni yako ni ngapi? 100.0.

Kelele za plagi ya jenereta na chaja zinainua sakafu ya kelele kwenye mpokeaji, skelchi (mlango unaozuia kelele) inafunguka, ndani ya kelele kuna mlio wa 100, kidude kinadhani ni toni. Inajifungua. Huyo ndiye nzi wako kwenye chupa. Na kelele hizohizo zinamfunika mtu dhaifu wa Raskazone, anakatakata. Kwa nchi za hezi 50 mimi huwa naikwepa 100.0, na 151.4 pia iko jirani na 150. Weka 77.0 au 127.3.

#40 Kisosora_Original

Jini la hezi mia. Nilisema.

#41 Nahodha_Jahazi

Na kwa siku ambazo jenereta haiwashwi?

#42 Mkonge_Mkavu

Hapo ndipo shida nahodha. Jumapili mlinzi anakwenda kwao Mkuzi, jenereta haiwashwi. Kukatakata bado kupo. Kujifungua sikumbuki.

#43 Mtaalamu_Chongoleani

Jumapili betri haikuchajiwa usiku. Volti. Asante kwa kuja.

#44 Nahodha_Jahazi

Jumapili kaskazi haiendi kanisani. Asante kwa kuja.

#45 Fundi_Ngamiani

Na dupleksa Jumapili haipumziki. Haya, mkuu panda na vifaa utuletee majibu.

#46 Mkonge_Mkavu

Wakuu, nimerudi. Nilichelewa kwa sababu ya mvua na barabara.

Toni nimehamisha 127.3 kwenye redio zote na ripita. Kujifungua kumekoma, hata jenereta ikiwaka.

Kebo nimeweka RG-213 na viunganishi vya aina ya N. Kiunganishi cha zamani cha juu kilikuwa na kijani ndani, Dada Pangani hongera.

Volti wakati inarusha ilikuwa 11.4. Nimeongeza unene wa waya, sasa 12.1.

Nikishusha nguvu hadi wati 5 ilikuwa inapungua kukatika, lakini haikuisha. Mzigo wa bandia sikupata wa kuazima. Kijana niliyemweka bandani usiku alilala.

Sasa hivi jioni nasikika vizuri, siku moja moja tu inakata.

#47 Fundi_Ngamiani

Kebo. Umerudishiwa desibeli zaidi ya 3, ukingo umesogea. Na kushusha wati kumesaidia, maana yake masikio yalikuwa yanazibwa. Dupleksa isetiwe, hiyo siku moja moja itaondoka.

#48 Mtaalamu_Chongoleani

11.4 jamani. Kushusha wati kunapunguza ampea pia, ndiyo maana kulisaidia. Hakuna haja ya mjadala.

#49 Nahodha_Jahazi

Kaskazi imekwisha, kusi imeingia. Wote mnajipongeza kwa kazi ya upepo. Tukutane Desemba.

#50 Mzee wa Masafa

Umebadilisha vitu vinne kwa mpando mmoja mwanangu, sasa kila mtu ana haki ya kudai. Andika daftari: siku, saa, jenereta, volti, mvua, nani alikatika. Na umtafutie huyo kijana kahawa.

#51 Bodaboda_Mkwaja

Habari wakuu. Sisi ni kikundi cha boda Pangani, tukitaka ripita kama hii bila mlima, mlingoti wa mita 25 utatufikisha wapi? Na dupleksa ni lazima?

#52 Mzee wa Masafa

Mita 25 upeo wako ni kilomita 20 hivi, ongeza 5 za mwenye redio mkononi, toa minazi na vilima. Bila dupleksa unahitaji antena mbili zilizoachana mbali kwa wima kwenye mlingoti huo, na bado utahangaika. Anzeni na barua ya masafa, vifaa vifuate baadaye.

#53 Bodaboda_Mkwaja

Asante mzee. Barua inaandikwa kwa jina la kikundi au la mwenyekiti?

#54 Mchunguzi_Bombo

Kikundi kikiwa kimesajiliwa, jina la kikundi. Mwenyekiti anaweza kuhama na redio zenu.